Sahani ya Chumba cha Mwisho

Bi Mwanakuu Zein hakuwahi kusoma chuo chochote isipokuwa kile cha Kurani alichopelekwa utotoni hapo Kibokoni, na hata humo alikuwa akitolewa nje kila mara kwa kosa la kuzungumza. Kwa hivyo mtaa ulipopata habari kwamba amepewa umatroni wa bweni la wasichana huko Mbaraki, watu walicheka wakashika mbavu. Shoga yake Swabaha, ambaye dirisha lake lilitazamana na la Mwanakuu kiasi cha kupashana chumvi bila kutoka nje, alisema kwamba waliomwajiri lazima walimuuliza swali moja tu, kisha wakampa kazi ili anyamaze.

Ukweli ni kwamba kazi ile Mwanakuu aliitaka, na Swabaha alijua sababu. Mumewe Athmani, fundi wa saa aliyekuwa na kibanda chake Makadara, alikuwa ameshafariki. Binti yao alikuwa ameolewa Malindi. Mtoto wa kiume, Huzaifa, alikuwa Jeddah, na sauti yake ilifika kwa kanda za kaseti ambazo mamake alizisikiliza huku akizijibu, kana kwamba mwenyewe amekaa mbele yake. Nyumba ilibakiwa na saa tu. Athmani aliacha saa za ukutani ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, kila moja ikienda kwa wakati wake, na mtu aliyezoea kugombania nafasi ya kusema hawezi kuishi na saa. Alikuwa amekwisha kuanza kuzikemea.

Aliyempa kazi ni Bwana Dzoro, mkuu wa chuo kidogo kilichofundisha uhazili na utunzaji wa hesabu. Alikuwa mtu wa Kaloleni, mpole, asiyependa maneno mengi. Saa yake ya mkononi ilikuwa imetengenezwa na Athmani miaka nenda miaka rudi, na alipotafuta mama mzima wa kukaa na wasichana alimkumbuka mjane wa fundi. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tano.

Bweni lenyewe lilikuwa jumba la ghorofa moja lililojengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya wakubwa wa bandarini, lenye veranda pana, ua wa mchanga nyuma, na ujia mrefu juu uliopangwa vyumba pande zote mbili. Mwanakuu alifika na sanduku lake, kasha la vyombo vyake vya harusi, na saa moja ya ukutani aliyoionea huruma. Alipopanda juu alikuta milango yote imefungwa, na ilikuwa mchana kweupe. Kibokoni mlango ukifungwa mchana, ndani kuna mgonjwa, au kuna ugomvi, au wenyewe wamesafiri. Basi akaupita ujia ule mlango kwa mlango, akibisha na kuuliza nani anaumwa. Hakuna aliyekuwa akiumwa. Kila msichana alifungua kiasi cha pua, akasema yuko salama, akafunga. Nyuma ya kila pua Mwanakuu aliona stovu ya mafuta ya taa, sufuria moja, sahani moja na kitanda kimoja.

Siku hiyo hiyo Bwana Dzoro alimwita ofisini na kumweleza hali ilivyo. Wasichana walikuwa wakiondoka. Si kwa kufukuzwa wala kwa kushindwa masomo. Walikuwa wakichoka tu na kwenda zao, na mwaka uliopita vyumba kadhaa vilibaki vitupu. Wakubwa wa chuo walikuwa wamechoka nao, walilitaka jumba lile wafanye ghala na madarasa. Walikuwa wamekubali kungoja hadi mwisho wa muhula, kwa sharti kwamba akiondoka msichana mmoja zaidi, lango litafungwa. Walio na jamaa mjini wangepata pa kulala. Wa mbali baba zao wangewarudisha nyumbani, na masomo yangekuwa yameishia hapo. Juu ya meza ya Bwana Dzoro palikuwa na kufuli jipya la chuma, zito kama mchi, na funguo zake zimefungwa kwa uzi.

"Wameshalinunua," alisema, kwa sauti ya mtu anayeona haya. "Wameniletea mimi niliweke."

Mwanakuu alilitazama kufuli lile akalichukia kama mtu. Aliporudi bwenini alimwaza yule atakayeondoka, na hakumjua ni nani, kwa hivyo akawapenda wote kwa pamoja ili asimkose.

Kupenda kwake kulikuwa na njia moja tu. Ijumaa ya kwanza aliamka mapema, akaumua unga, akachoma mahamri, akapika mbaazi za nazi, akafungua lile kasha la vyombo vya harusi. Zilikuwa sahani za udongo mweupe, ukingo wake umezungukwa na maua ya kijani, nyingine zina nyufa. Alizijaza, akazifunika, akazipeleka mwenyewe chumba kwa chumba. Kisha akashuka, akakaa verandani, akangoja.

Alichokuwa akingoja kila mtu wa Kibokoni angekijua. Jirani akikuletea kitu, sahani yake huirudishi tupu. Unatia chochote ulicho nacho, ndimu mbili, kipande cha mkate wa sinia, konzi ya chumvi ukikosa kabisa. Naye akiona kitu chako atatia chake, na sahani ile ile itapita na kurudi mpaka watoto wa nyumba hizi mbili wasijue tena ni ya nani. Mwanakuu na Swabaha walikuwa na bakuli moja la namna hiyo, na wote wawili waliapa kwamba ni la mwenziwe.

Jioni sahani zilianza kurudi. Zilikuwa zimeoshwa zikang'aa, na zilikuwa tupu. Kasyoka, msichana mrefu wa Mwingi mwenye sauti ya kufika ng'ambo, aliweka yake mezani, akashukuru, akaongeza kwamba kesho nazi ipunguzwe kidogo maana inamkaa kifuani. Hata Maisara, mtoto wa Lamu, aliyepaswa kujua, aliileta nyeupe kama mfupa. Mwanakuu alizipanga kabatini moja juu ya nyingine, na kila iliyogonga mwenziwe ilimgonga yeye moyoni.

Moja haikurudi kabisa. Ilikuwa ya chumba cha mwisho juu, cha Kache, msichana wa Ganze, mwembamba, mwenye vidole vyepesi ambavyo chuoni walisema vinapiga taipu kama mvua juu ya bati. Kesho yake haikurudi, wala kesho kutwa.

Jumapili Mwanakuu alikwenda Kibokoni akamwaga yote mbele ya Swabaha. Alisema wasichana wa siku hizi hawana mama. Swabaha alimwambia awafunze tu, aseme wazi kwamba sahani hairudi tupu. Mwanakuu aliruka. Adabu haidaiwi, alisema. Ukishaidai imegeuka kodi. Na sahani ya mtu haiulizwi iko wapi, afadhali ivunjike. Swabaha alimtazama akatabasamu, akasema basi atakaa na kiburi chake na kabati lake la sahani safi. Walikuwa marafiki wa siku nyingi, wangeweza kuambiana hivyo.

Hakuacha kupika. Kila Ijumaa sahani zilipanda ujiani na kushuka nyeupe, isipokuwa chumba cha mwisho, ambacho aliacha kukipelekea. Huwezi kutia chakula juu ya sahani ambayo haijarudi, alijiambia, na alijiambia kwa sauti ya mtu mwenye haki. Lakini mimi nawaambia kwamba Mwanakuu alinuna. Mama mzima mwenye mvi alimnunia mtoto wa watu kwa ajili ya sahani yenye ufa. Na kadiri alivyonuna ndivyo alivyozidi kuona ushahidi. Kache hapiti verandani, hushuka kwa ngazi ya nyuma ya jikoni. Kache akimwona kwa mbali hugeuza njia. Kache hana salamu. Wenziwe nao, kwa kuona matroni hakipelekei chakula chumba kile, wakadhani msichana ana neno lake, wakamwacha peke yake huko mwisho.

Ramadhani iliingia. Mwanakuu alifunga, na Maisara, na wengine wachache, na kila mmoja alifuturu ndani ya chumba chake, mlango umefungwa. Kwa Mwanakuu hilo lilikuwa jambo gumu kuliko njaa. Alikula tende yake ya kwanza akiitazama ile saa ya ukutani, akaona kumbe amehama Kibokoni na ukimya wake amekuja nao.

Siku moja, baada ya alasiri, Kasyoka alishuka mbio akamwambia kwamba Kache anafunga mizigo. Ameshapeleka salamu kwao kwa mtu wa Ganze, mamake atakuja Jumamosi kumchukua.

Mwanakuu alipanda ngazi ameshika kiuno. Njiani aliliona kufuli lile la Bwana Dzoro waziwazi, na funguo zake na uzi wake. Aliwaona Kasyoka na Maisara na wenzao wakitoka langoni na masanduku kichwani. Lakini alipofika mlango wa mwisho, kilichomjia mdomoni hakikuwa habari ya kufuli. Alibisha, akafunguliwa, akaingia bila kukaribishwa, akakaa juu ya kitanda kilichokwisha kutanduliwa.

"Nakuuliza kitu kimoja, mwanangu," alisema. "Nimekukosea nini?"

Kache alisimama na gauni mkononi, hakujua aliweke wapi. Hakuwa msichana wa kuogopa mji. Alikuwa akienda Makadara peke yake na kuwabishia wauza vitambaa mpaka wakampa kwa bei yake. Mji haukumshinda. Alinyoosha mkono juu ya rafu, akateremsha kitu kilichofungwa ndani ya leso, akakifungua taratibu. Ilikuwa sahani yenye maua ya kijani.

"Hukunikosea, mama. Mimi ndiye niliyekukosea," alisema. "Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nami sikuwa na kitu cha maana cha kutia. Nikasema nitapata wiki hii, nikasema nitapata wiki ijayo. Kisha ukaacha kuleta, nikajua umekasirika. Nikawa siwezi kupita mbele yako mikono mitupu."

Watu wa Kibokoni hawatanisadiki, lakini Mwanakuu hakuwa na la kusema. Hatimaye akauliza, kwa sauti ndogo, mbona wenziwe walirudisha zao hivyo hivyo.

"Wao walidhani ni za chuo," Kache alisema. "Walidhani umewekwa kutupikia. Mimi niliona hii ina maua, tena ina ufa uliogundishwa. Nikajua imetoka nyumbani kwa mtu."

Mwanakuu alianza kucheka. Alicheka hata Kasyoka aliyekuwa akisikiliza ujiani akachungulia, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka na kicheko kimekwisha. Jumba zima lile, mwenye adabu za kwao alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyemnunia. Alimvuta Kache akamkalisha karibu yake, akamwambia hivyo hivyo bila kuficha, kwamba alimnunia, kwamba alimsema kwa Swabaha, kwamba aone haya yeye mwenye umri huu. Kache naye alilia, maana alikuwa amelibeba jambo lile peke yake muda mrefu.

Alipoulizwa kama atabaki, alisema salamu zimeshakwenda. Mamake si mtu wa kuitwa akarudishwa njiani, ana shamba na ana wadogo. Jumamosi atafika na wataondoka.

Mwanakuu hakubishana. Alipoinuka Kache alimnyooshea sahani kwa mikono miwili, na yeye akakataa kuipokea.

"Hiyo siichukui. Siku itakayorudi, itarudi na kitu," alisema. "Sijakudai, wala wewe hujanirudishia. Bado tuko nayo, mimi na wewe."

Jumamosi, adhuhuri imepita, mama yake Kache alifika langoni. Watu wa kwao walimwita Mama Kahindi, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa amevaa leso mpya, na juu ya kichwa alikuwa na gunia lililojaa nusu. Alisalimia kwa adabu, akalitua gunia verandani miguuni mwa Mwanakuu, akasema amekuja kumchukua mtoto, lakini mtoto amekaa katika nyumba ya watu, na hakuweza kuja nyumba ya watu hivi hivi. Zilikuwa korosho, mbichi, na maganda yake, za shambani kwake. Mwanakuu na Kache walitazamana, na safari hii ni Kache aliyeanza kucheka.

Sasa, korosho mbichi hazitafuniki. Ganda lake lina mafuta yanayochoma ngozi kama moto, na mtu asiyezijua atajuta. Lazima zichomwe nje, na lazima achome anayejua. Kache alimwomba mamake ruhusa ya kuchoma kidogo tu kabla hawajaondoka, ili airudishe sahani. Mama Kahindi alipoisikia habari ya sahani alimkazia macho bintiye, akamuuliza kama kweli amekaa na chombo cha mtu muda wote huo, akasema basi hawaendi popote mpaka kirudi.

Kache alikunja mikono ya gauni. Alitafuta kipande cha bati kuukuu nyuma ya jiko, akakitoboa matundu kwa msumari, akakitega juu ya mawe katika ule ua wa mchanga, akawasha makumbi ya nazi chini yake. Korosho zilipopata moto zilianza kutema mafuta, mafuta yakashika moto, na moshi mzito mweusi ukapanda ukutani, ukaingia madirishani mwa ghorofa ya juu. Milango ikaanza kufunguka. Wa kwanza waliteremka wakidhani jumba linaungua, mmoja amebeba cheti chake cha shule kifuani. Walipofika uani wakamkuta yule mwenzao wa chumba cha mwisho, asiyesema, amesimama katikati ya moshi na kijiti kirefu, akikoroga na kutoa amri.

Aliwaamuru kweli. Alimwambia Kasyoka asogee nyuma, Kasyoka hakusogea, tone likamrukia mkononi, akapiga yowe la kusikika bandarini. Alimwambia Maisara alete jivu, wote wajipake mikononi, asiyejipaka asiguse. Maganda yalipogeuka meusi aliuinua upande mmoja wa bati, akazimwaga zote mchangani, akazifunika kwa mchanga, moto ukazimika. Kisha akakaa chini akawaonyesha namna ya kuigonga moja kwa jiwe, pigo dogo la upande, ganda likafunguka na kiini kikatoka kizima. Wao walipojaribu vilitoka unga. Walicheka, wakaulizana nani amevunja nyingi, wakala walizovunja. Waliofunga walitengewa zao zikafunikwa kwa kawa. Nyuso zao zilikuwa nyeusi kwa moshi na hakuna aliyekumbuka kupanda juu kufunga mlango wake.

Katikati ya hayo Bwana Dzoro alitokea langoni akitweta, maana alikuwa ameambiwa bweni linawaka moto. Mwanakuu aliiona kazi yake ikienda na moshi. Lakini mtu wa Kaloleni haambiwi harufu ile ni ya nini. Alisimama, akanusa, uso wake ukalegea. Kache alimpa konzi moja ya korosho za moto, akazipokea kwa mikono miwili, akatafuna pole pole, akaondoka bila kusema neno. Mwanakuu alikaa na wasiwasi kwa namna alivyoondoka.

Ndipo aliposema mbele ya wote lile ambalo Swabaha alimwambia aliseme tangu mwanzo. Aliwaeleza kwamba sahani za maua si za chuo, ni zake za harusi, na mapishi yale hakuwekwa na mtu ayapike. Kasyoka, aliyeomba nazi ipunguzwe, alijifunika uso kwa mikono yenye jivu na masizi, na alipoiondoa watu walicheka upya. Maisara aliona haya zaidi, akasema angejua angetia hata tende. Mwanakuu aliwaambia anayekosa si mmoja. Naye alikosa kwa kungoja watu wafahamu jambo ambalo hakuwaambia. Kuanzia leo, alisema, katika nyumba hii sahani hairudi tupu, na asiye na kitu atie hata kazi ya mkono wake, asuke mwenziwe nywele, ampigie taipu ukurasa.

Magharibi ilipoadhiniwa walikuwa bado uani. Kache alipanda juu, akashuka na sahani imejaa korosho nyeupe nzima nzima, alizozichagua moja moja. Alipita mbele ya wenziwe wote, akaiweka mikononi mwa Mwanakuu. Mwanakuu alifuturu kwa tende moja na korosho za Kache, akawa anatafuna tu na kutikisa kichwa. Maisara alileta tende zake. Kasyoka alishusha sufuria yake yote ya maharage. Aliyefunga na asiyefunga wakala pamoja juu ya jamvi moja.

Mama Kahindi alitazama yote hayo kwa utulivu, mgongo ameuegemeza ukutani. Alilala bwenini usiku ule, chumba kimoja na bintiye, na asubuhi alifunga leso yake tayari kwa safari. Mzigo wa Kache ulikuwa bado umefungwa pale mlangoni. Aliuzunguka hakuugusa.

"Niliambiwa nije nimchukue mtoto asiye na watu," alimwambia Mwanakuu. "Huyo sikumkuta."

Akaenda zake peke yake, na gunia lililobaki akaliacha.

Muhula ule sahani zilitembea. Zilitoka chini zikapanda juu, zilitoka chumba hiki zikaingia kile, na hazikulala tupu. Kasyoka alirudisha yake na mahindi yaliyotwangwa ya kwao, na hakutia nazi hata tone, Mwanakuu akala akasema yanamkaa kifuani, wakaelewana. Wengine waliokuwa hawana walirudisha nyuzi za kushonea, au picha iliyochorwa kwa penseli, na mmoja alirudisha sahani na karatasi tupu akasema amekuja kuimba. Stovu zikaanza kushushwa chini ili kupika pamoja. Milango ilikaa wazi mchana, na Mwanakuu alipokuwa akipita ujiani kila chumba kilimwita, hata akaanza kulalamika kwa Swabaha kwamba wasichana wale wanazungumza mno, hapati nafasi.

Siku ya Idi walipika pilau, na walioipika wengi wao hawakuwa na Idi. Kache ndiye aliyesema mkuu wa chuo naye apelekewe. Wakaitafuta sahani iliyo nzuri kuliko zote, na ikawa ile ile yenye ufa uliogundishwa, kwa sababu sasa hakuna aliyeona nyingine nzuri. Kache na Kasyoka walimpelekea nyumbani kwake, akapokea, akashukuru.

Sahani haikurudi. Idi ilipita, mitihani ikaja, mwisho wa muhula ukakaribia, na hakuna aliyekuwa ameondoka, lakini vilevile hakuna aliyeambiwa lolote juu ya jumba. Wakubwa walikuwa wakikutana. Kasyoka alinong'ona kwamba Bwana Dzoro amekula pilau yao na sahani amekaa nayo. Mwanakuu alimkatiza. Alisema aliwahi kumdhania mtu hivyo, hataki tena. Mwenye kukaa na sahani pengine bado anatafuta cha kutia. Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini usoni alikuwa amepungua, na Kache alimwona akiifuta ile saa ya ukutani kama mtu anayejiandaa kuishusha.

Siku ya kufunga chuo, masanduku yamepangwa verandani, Bwana Dzoro alikuja mwenyewe kwa miguu. Alibeba kitu kilichofunikwa gazeti, na alikibeba kwa mikono miwili kwa kuwa kilikuwa kizito. Alimwendea Mwanakuu, akamwamkia, akasema anaomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa na cha kutia tangu siku nyingi, ila kilikuwa hakijawa chake kukitoa, na wakubwa wamekitoa jana.

Mwanakuu aliondoa gazeti. Juu ya maua ya kijani lilikaa lile kufuli, jipya, na funguo zake bado zimefungwa kwa uzi.

Mwanakuu alilia wazi mbele ya wote, na hakujifuta. Kasyoka alipiga vigelegele vya Kimombasa alivyojifunza Idi, Maisara akamfuata, na Bwana Dzoro akatazama chini akitabasamu kwa haya zake. Kufuli lilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akitaka kupima uzito wa kitu kilichokuwa kiwatoe. Lilipomfikia Kache alilipima kwa muda, akaligeuza, akaangalia upande wake wa chini ulio bapa.

"Hili ni zuri kuliko jiwe," alisema, akaenda kulifungua gunia la mamake.